Picha ya miji ya mwaka 1572 yenye Kilwa, Mombasa na Sofala: niinunue?

BintiKivinje

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje, kwa sasa niko Köln, Ujerumani, kikazi. Mtaa wa nyuma ya ninapokaa kuna duka la ramani na picha za kale. Muuzaji alipojua natoka Kilwa alivuta droo, akatoa karatasi moja akaniwekea mezani. Nusu yote ya juu ni mji wa Aden: bahari, merikebu, na nyuma yake majabali yenye minara vileleni. Nusu ya chini imegawanywa picha ndogo tatu, zimepangwa ubavu kwa ubavu, zimeandikwa Mombaza, Quiloa na Cefala. Imetiwa rangi, kijani ndiyo iliyozidi. Nyuma ya karatasi kuna maandishi ya Kilatini, na katikati kuna mkunjo wa kushuka chini. Anasema ni ya 1572 na anataka yuro 450.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Nitajuaje kwamba ni ya kale kweli na si nakala iliyochapwa juzi? Halafu, ile Kilwa ni Kilwa ipi? Kilwa Kisiwani, penye magofu ya mji wa kale, nimekwenda tangu mdogo, tulikuwa tunavuka kwa mashua kutoka Masoko. Msikiti Mkuu naujua, Gereza, ile ngome ya zamani, nalijua, njia ya kwenda Husuni Kubwa, lile jumba la masultani, naijua. Kwenye picha sioni hata kitu kimoja cha kukiwekea kidole nikasema hiki hapa. La mwisho: nia yangu ni kuipeleka shule niliyosoma, itundikwe darasa la historia. Sitaki kuwapelekea watoto kitu cha kuwapotosha.

MpimaMstaafu

Marahaba, binti yangu. Nilikuwa mpima ardhi, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza kusini, Lindi na Kilwa, na mnyororo na theodolaiti, baadaye na mitambo ya setilaiti. Tangu nistaafu nasoma ramani za miji za zamani, hasa zile za kabla wapima hatujawa na vifaa vya maana. Karatasi hiyo naijua, na nimefurahi mno kuona swali linatoka kwa mtu wa Kivinje.

Inatoka katika juzuu ya kwanza ya *Civitates Orbis Terrarum*, iliyotoka hapo hapo Köln mwaka 1572. Mhariri wake alikuwa Georg Braun, kasisi wa mji huo. Aliyechonga mabamba mengi ya shaba ya kuchapia ni Frans Hogenberg, mzaliwa wa Mechelen, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amechonga ramani nyingi za atlasi ya Abraham Ortelius. Ortelius alikusanya nchi. Hawa wawili wakaazimia kukusanya miji. Kazi ikapita urefu wa maisha ya mmoja wao: juzuu ya sita ilitoka 1617, Hogenberg akiwa amekufa tangu 1590, na jumla ya picha ilipita 500. Watu walinunua kwa sababu wengi wao hawangesafiri kamwe. Mtu aliketi nyumbani kwake akafunua London, Cairo, Istanbul, Mexico, na katika ukurasa huo wako, Kilwa.

Sasa Kilwa ipi. Mimi nikishika picha yoyote ya mji huuliza swali tulilofundishwa siku ya kwanza kazini: aliyechora alisimama wapi? Kipimo chochote kina kituo. Pasipo kituo hakuna kipimo, kuna habari tu. Nitakupitisha kwenye picha chache ili uione ya kwetu inakaa wapi.

Mwaka 1493 pale Nürnberg, mchapishaji Anton Koberger alitoa historia ya dunia ya Hartmann Schedel. Ina picha zaidi ya 1,800, lakini mbao zilizochongwa za kuchapia ni 645. Ubao uleule uliitwa mji huu ukurasa mmoja, na mji mwingine kabisa kurasa za mbele. Miji michache, Nürnberg yenyewe ikiwemo, ilichorwa na watu walioijua. Mingine ni kuta, minara na jina. Hapo hakuna aliyesimama popote, na msomaji wa siku zile hakuona kasoro, maana alichotaka ni alama ya kumwambia "hapa pana mji mkubwa".

Miaka saba kabla yake lakini, 1486, Erhard Reuwich alikuwa ameshatoa picha ya Venice ya kukunjuka, ndefu zaidi ya mita moja na nusu, kwa sababu alisafiri mwenyewe na Bernhard von Breydenbach kwenda kuhiji Jerusalem na njiani akachora alichokiona. Huyu alisimama. Ukitazama picha yake unajua hata upande wa maji aliokuwa.

Kisha ikaja kazi inayonishangaza mpaka leo. Mwaka 1500 Jacopo de' Barbari alitoa Venice nzima kama aonavyo mwewe, kwa mbao sita, upana unakaribia mita 2.8. Hakuna mlima pale wa kusimama juu yake. Mji ule ni tambarare ya maji. Ilichukua miaka mitatu, na mchapishaji wake, Anton Kolb, aliomba serikali ya Venice impe haki ya kuiuza peke yake kwa ajili ya gharama hiyo. Vituo vilikuwa vingi, minara ya makanisa na mitaa, kisha vipande vikaunganishwa mezani kana kwamba jicho ni moja. Mbao zenyewe zipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Correr, hapo hapo Venice. Natamani kuziona kabla sijafa.

Wakati huohuo kulikuwa na njia nyingine, isiyopendeza macho lakini ndiyo baba wa kazi yetu. Leon Battista Alberti, miaka ya 1440, alifanya kilima cha Capitol pale Roma kuwa kituo kimoja. Akatumia duara lililogawanywa sehemu 48 na rula inayozunguka katikati, akaandika mwelekeo na umbali wa malango, pembe za kuta na makanisa. Alichoacha ni majedwali ya namba. Ukiwa na duara lako na rula, unaweza kuuchora mji upya nyumbani kwako bila mkono wa mchoraji kuharibu chochote njiani. Nilipoyasoma majedwali yale mara ya kwanza nilikumbuka vitabu vyetu vya uwandani vilivyokuwa vinapigwa muhuri ofisini. Ni kitu kilekile! Kisha mwaka 1502 Leonardo da Vinci akauchora Imola kwa kutazama moja kwa moja kutoka juu, hakuna ukuta uliosimama, ni nyayo za majengo tu, na duara la pande za upepo limepita juu yake. Mchoro ule ukiutia mkononi mwa afisa mipango miji wa leo, ataufanyia kazi bila kuuliza maswali mengi.

Kwa hiyo ifikapo 1572 ujuzi wa kupima mji ulikuwepo, na Braun na Hogenberg waliujua. Thibitisho lipo hapo ulipo. Mwaka 1571 Arnold Mercator, mtoto wa Gerard Mercator mwenye ramani, alikamilisha upimaji wa Köln, mtaa kwa mtaa, na ukurasa wa Köln katika juzuu hiyohiyo ya kwanza unaufuata. Mwombe muuzaji akuonyeshe, au uutazame kwenye intaneti, maana maktaba kadhaa kubwa za Ulaya zimeweka kitabu kizima wazi. Utaweza kutembea nao barabarani. Utaliona kanisa kuu likiwa halijakwisha, kwa sababu ujenzi ulisimama karne ile na haukumalizika hadi 1880. Winchi ya mbao ilikaa juu ya mnara wa kusini hadi 1868, vizazi vya watu wa Köln vimezaliwa na kufa wakiiona.

Halafu rudi kwenye karatasi yako. Kitabu kimoja, karakana moja. Köln imepewa kurasa mbili za vipimo, Kilwa imepewa theluthi ya nusu ukurasa. Braun na Hogenberg hawakukanyaga pwani yetu. Walitegemea michoro na habari zilizofika Ulaya kwa mikono ya Wareno: Cabral alitia nanga Kilwa mwaka 1500, Vasco da Gama akaja kudai kodi 1502, na Julai 1505 Francisco de Almeida akaushambulia mji na kujenga ngome, ambayo waliiacha 1512. Ndiyo maana mji unaonekana kutoka baharini. Jicho lile ni la mtu wa merikebuni. Usitafute humo nguzo za Msikiti Mkuu wala njia ya Husuni Kubwa, hutazipata, na si kosa la macho yako.

Hata hivyo usiseme ni uongo mtupu. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika miaka ya 1510, anaieleza Kilwa kuwa mji wa nyumba nzuri za mawe na chokaa, zenye madirisha mengi, mitaa iliyopangika vizuri, dari bapa, milango ya mbao iliyochongwa kwa ustadi, na bustani za matunda kuizunguka. Picha inakubaliana naye kwa jambo kubwa, kwamba huu ni mji wa mawe na bandari, wala si kijiji. Na hata mpangilio wa ukurasa una maana. Dhahabu ya bara ilishukia Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, Sofala ilikuwa chini ya masultani wa Kilwa enzi za nguvu zao, kutoka Kilwa bidhaa zilipanda Mombasa, na mbele yake Aden na Bahari ya Shamu. Weka kidole chini kulia, panda nacho hadi juu: umefuata njia ya biashara ile ile Wareno waliyokuja kuikata. Mwaka 1572 Kilwa ilikuwa imeshadhoofika kwa sababu hiyo, na miaka 15 baadaye, 1587, Wazimba, wapiganaji kutoka upande wa Zambezi, wakaivamia. Wanunuzi wa Köln walikuwa wanatazama fahari iliyokwisha kupita.

Kuhusu uhalisi wa karatasi, fanya hivi ukiwa dukani. Mwombe aitoe kwenye plastiki na umwombe kioo cha kukuzia. Tazama mistari ya mchoro. Ikiwa utaona nukta ndogondogo za rangi zilizopangwa safu, hiyo ni nakala ya mashine za kisasa, rudisha. Bamba la shaba linatoa mstari mzima, mweusi, uliojaa wino. Kisha tafuta ukingo uliobonyea kuzunguka picha, takriban sentimita 33 kwa 47: karatasi ililoweshwa ikapitishwa kwenye roli pamoja na bamba, na bamba likaacha mpaka wake. Inua karatasi mbele ya dirisha. Karatasi ya wakati ule ilitengenezwa kwa matambara ya kitani kwenye ungo wa nyaya, kwa hiyo utaona mistari myembamba iliyokaribiana, na mingine michache inayoikata.

Ila mwaka 1572 usiukubali haraka. Kitabu kilichapwa tena na tena kwa mabamba yaleyale, kwa Kilatini, Kijerumani na Kifaransa, na karne ya 17 mabamba yakahamia Amsterdam kwa Jan Janssonius. Maandishi ya Kilatini nyuma yanakuambia ni toleo la Kilatini, hayakuambii la mwaka gani. Kila walipochapa upya, herufi zilipangwa upya. Piga picha mstari wa mwanzo na wa mwisho wa ule upande wa nyuma, uvilinganishe na nakala za kwenye intaneti, uone mistari inakatikia wapi.

Kibokoni

Asanteni sana kwa mjadala huu. Mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale. Nakala ya picha hiyo nimeiona imetundikwa ukumbini mwa hoteli, ile sehemu ya Mombaza peke yake imekatwa na kukuzwa, na kila mara wageni huuliza Fort Jesus iko wapi. Mzee, iko wapi?

Na lingine, kwa heshima zote. Mzee anasema hakuna aliyepima, sawa. Lakini tuliosoma shule zetu tulisomeshwa kana kwamba Mreno ndiye aliyefungua mlango wa historia. Mtoto akiona picha iliyochapwa Ulaya miaka 450 iliyopita, na ndani yake mji wetu umesimama na nyumba zake za ghorofa, hiyo inamfanyia kazi ambayo kitabu cha darasani hakimfanyii. Mimi nasema dada anunue, atundike, na asiombe radhi kwa mtu.

MpimaMstaafu

Ndugu yangu wa Kibokoni, ngome haimo kwa sababu haikuwepo. Ilianza kujengwa 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyekuwa msanifu mkuu wa ngome za Wareno Mashariki. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kukadiria umri wa picha yoyote ya Mombasa: ukiiona ngome, hicho kilichochorwa ni cha baada ya 1593. Ukitaka kuona tofauti ya picha na kipimo, simama juu ya ukuta wa Fort Jesus. Zile pembe zilizochomoza hazikuwekwa kwa mapambo. Askari aliye upande mmoja anaona mguu wote wa ukuta wa upande wa pili, na hilo halipatikani bila mtu kushika rula na kupiga pembe zake barabara.

Hapo kuna jambo linalonigusa sana, na ndilo linalonifanya nipende ramani hizi. Picha za miji ziliuzwa sokoni kwa yeyote mwenye fedha. Vipimo vilifichwa. Miaka ya 1630 António Bocarro aliandika kitabu cha ngome zote za Wareno Mashariki, chenye plani zilizohusishwa na Pedro Barreto de Resende, na Mombasa imo. Kilikuwa cha mfalme, kimeandikwa na kuchorwa kwa mkono, hakikupigwa chapa ya kuuzwa. Na Braun mwenyewe, katika utangulizi wake, anajibu hofu ya watu kwamba picha za miji zitamsaidia adui. Anasema ameweka watu waliovaa mavazi ya kila mji mbele ya picha, na kwa kuwa Waturuki dini yao inawakataza sanamu za watu, hawatazitumia. Hoja yenyewe ni dhaifu, maana wachoraji wa Istanbul walikuwa na kazi zao nzuri za miji. Matrakçı Nasuh alichora miji ya safari ya Sultan Süleyman miaka ya 1530, tena kwa ustadi wa ajabu. Ila inakuonyesha kwamba tangu mwanzo watu walijua ramani ya mji ni silaha.

Kuhusu kutundika, tunakubaliana atundike. Tunapoachana ni hapa: usimwambie mtoto kwamba picha hii ndiyo ushahidi wa mji wetu. Picha yenyewe imepita mikononi mwa hao hao Wareno. Ukiifanya shahidi mkuu, siku mtu akionyesha kwamba Hogenberg alitia minara ya kubuni, mtoto atadhani na mji ulikuwa wa kubuni. Ushahidi wa Kilwa umelala chini na umesimama Kisiwani. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na akachapisha kazi yake 1974, na plani za majengo yote makubwa: Msikiti Mkuu ulioanza karne kadhaa kabla Mreno hajajua njia, kisha ukapanuliwa kwa safu za nguzo na kuba, Husuni Kubwa juu ya jabali la bahari, na birika lake la pembe nane. Plani zile hazina rangi wala merikebu, lakini unaweza kwenda na mkanda wako ukazipima. Mtoto apewe vyote viwili.

Kibokoni

Nimekuelewa mzee, ingawa bado naona moyo wa mtoto huanza kushikwa na picha, plani huja baadaye. Tuendelee kutofautiana hapo kidogo.

KaratasiKuukuu

Naingia upande wa utunzaji. Kazi yangu ni kukarabati nyaraka, hapa Unguja, na adui zetu ni unyevu, jua na gundi mbaya.

Dada, tazama kijani. Rangi ya kijani ya zamani ilitokana na shaba, na shaba hula karatasi taratibu. Geuza upande wa nyuma: penye kijani mbele, nyuma panatakiwa pawe pamegeuka kahawia, umbo la kilima au la majani limejitokeza kama kivuli. Hiyo ni dalili nzuri ya rangi ya zamani. Ikiwa kijani kinang'aa na nyuma ni safi kabisa, huenda karatasi ni ya kale lakini rangi imetiwa miaka ya karibuni ili ipate bei. Wauzaji waaminifu hukuambia bila kuulizwa sana. Penye kijani kizito bonyeza kwa macho tu, usibonyeze kwa kidole, maana karatasi pale inaweza kuwa imekuwa kavu na kuvunjika.

Ukishainunua, tafadhali usiipeleke kwenye leminesheni. Nimeshaletewa vitu vya thamani vimefungwa hivyo, na hakuna dawa. Usitumie selotepu hata kipande kidogo nyuma ya mkunjo. Fremu iwe na kadi isiyo na asidi, na kioo kisiiguse karatasi, maana pwani kwetu jasho la kioo likishika karatasi, ukungu unaingia msimu huohuo. Na darasani? Ukweli ni kwamba sishauri ile ya asili ikae darasani Kilwa Masoko, madirisha wazi, jua la saa nane likiipiga. Rangi za kale zitapauka kabla watoto wa kidato cha kwanza hawajamaliza cha nne. Ichapishe nakala kubwa, nzuri, ya ukubwa wa ukuta, uitundike hiyo. Ile ya asili ilale bapa kwenye kasha, itolewe siku ya somo, mikono ikiwa imenawiwa na kukaushwa.

BintiKivinje

Asanteni sana, sikutegemea kupata majibu ya namna hii. Leo nimerudi dukani na kioo cha kukuzia.

Nukta hazipo, mistari ni mieusi mizima, hata nyuzi za kamba za merikebu ya Aden zimechorwa moja moja. Ukingo wa bamba upo, unausikia kwa ncha ya kucha. Mbele ya dirisha nimeiona mistari ya ungo kama mzee alivyosema. Na kijani: nyuma ya majabali ya Aden kuna doa la kahawia lenye umbo la majabali yenyewe, limepita katikati ya maandishi ya Kilatini. Muuzaji akatabasamu, akasema sasa anaona nimekuja na walimu wangu.

Nilimwomba na ukurasa wa Köln. Anao, ila bei yake ni mara kadhaa ya huu. Aliniacha niutazame. Nimeuona mtaa ninaokaa! Umepinda palepale unapopinda leo. Kisha nikarudi kwenye Quiloa na nikaelewa mzee alichokuwa anakisema kuhusu kituo. Moyo uliniuma kidogo, sitaficha. Mji uliokuwa unatengeneza sarafu zake wenyewe umepewa nafasi ya kiganja.

Kuhusu mwaka, nimepiga picha upande wa nyuma na kulinganisha na nakala za 1572 zilizopo kwenye intaneti. Mistari ya maandishi haikatikii mahali pamoja. Kwa hiyo ni toleo la Kilatini la baadaye. Nimemwambia, akaenda kutafuta vitabu vyake vya marejeo, akakubali, na ameshusha bei hadi 380. Nimpe?

KaratasiKuukuu

Kwa karatasi yenye rangi ya zamani na pembe zake zote, mimi ningempa. Mkunjo wa katikati haujachanika?

BintiKivinje

Umeachia kidogo chini, kama urefu wa ukucha, na mtu ameshaubandika kwa karatasi nyembamba upande wa nyuma. Naona ni kazi ya zamani na imekaa vizuri.

KaratasiKuukuu

Basi uache hivyo hivyo, usiuguse.

MpimaMstaafu

Mpe, binti yangu. Mwambie akuandikie risiti yenye jina la kitabu, juzuu ya kwanza, toleo la Kilatini la baada ya 1572, na neno kwamba rangi ni ya zamani kwa kadiri ya utaalamu wake. Ukija kuiuza au ukija kuikabidhi shule, karatasi hiyo ya risiti itahitajika.

Kwenye ukuta wa darasa, pamoja na nakala kubwa aliyoishauri mtaalamu wetu wa Unguja, weka na nakala ya ukurasa wa Köln ubavuni mwake. Hiyo haina gharama, utaichapa kutoka intaneti. Watoto waone kitabu kimoja kilivyoutendea mji wa jirani na mji wa mbali, na wajiulize wenyewe kwa nini. Upande wa pili weka plani ya Msikiti Mkuu. Hapo na ndugu yangu wa Kibokoni ataridhika, maana picha itakuwa ya kwanza mlangoni.

Niandikie faragha jina la shule na lini unakuja likizo. Dira ninayo, mkanda wa mita 50 ninao, na mmoja wa vijana niliowafundisha kazi bado yuko Lindi na vifaa vyake. Mwalimu mkuu akituridhia na wahusika wa mambo ya kale wakitupa kibali, tutavuka na kidato cha pili kwenda Kisiwani wapime wenyewe: kituo cha kwanza tutakiweka mbele ya mlango wa Msikiti Mkuu.